Moto wa Kwanza kwenye Ghorofa la Mzee Mseti

Mwaka ule wa tisini bidhaa zilikuwa zimerudi Musoma. Sabuni iliuzwa mchana kweupe, mbele ya kaunta, na mtu aliweza kununua miche miwili bila kujuana na yeyote. Watu waliokuwa wakificha sukari chini ya kitanda sasa walitaka kuionyesha kwenye kioo. Kila mmoja akawa anatafuta chumba cha duka katikati ya mji, na vyumba vyenyewe vilikuwa vilevile vya tangu zamani.

Mimi cherehani yangu ilikaa kwenye baraza la duka la Alfonce, karibu na soko, kwa miaka kumi na moja. Alfonce aliuza baiskeli zilipokuwepo, na zilipokosekana aliuza kengele za baiskeli. Siku moja ya mwezi wa tano alitoka na futi kamba, akapima baraza kutoka ukutani mpaka kwenye mguu wangu.

"Mama Esta, inua mguu."

Nikainua. Akamaliza kupima.

"Ahsante. Tarehe thelathini mwezi ujao najenga ukuta hapa. Kuna mtu wa redio anapataka."

"Na mimi je, Alfonce?"

"Wewe si Mungu wako anakusikiaga? Mwambie."

Nilimwambia, asubuhi na jioni. Nyumbani kwangu Makoko nisingeweza kushona, maana nilishajaribu mwaka mmoja nilipoumwa, na kwa miezi miwili aliyenifuata alikuwa mtu mmoja tu, naye alikuwa amepotea njia. Mteja wa nguo anataka fundi aliye njiani mwake anapokwenda sokoni. Nikikosa chumba mjini kufikia tarehe thelathini, ufundi wangu ungekuwa umekwisha.

Chumba cha kutumaini kilikuwa kimoja tu, nacho kilikuwa kwenye ghorofa la Mzee Mseti.

Mzee Mseti alikuwa mfugaji wa Butiama aliyeuza ng'ombe akajenga, tangu saruji ilipoacha kuwa kitu cha kibali. Jengo lilikuwa na ofisi juu, na chini vyumba vinane vya duka vinavyotazama nje, ambavyo watu walianza kuviita fremu. Lilipakwa rangi ya maziwa. Lilikuwa tayari tangu Kwaresima, padri alishalinyunyizia maji ya baraka, lakini hakuna aliyekuwa amepewa ufunguo.

Mji mzima ulikuwa na maelezo yake. Wengine walisema anasubiriwa kiongozi wa kukata utepe. Wengine walisema Mzee Mseti anangoja kilemba kizidi kupanda, yaani zile fedha anazotoa mpangaji ili ashikiwe chumba. Na kweli kilipanda. Msimamizi wa jengo, Apolinary, karani mstaafu mwenye kalamu tatu mfukoni, alipelekewa sangara wengi nyumbani kwake hata mke wake akatoka nje kuwaomba watu, kama wana moyo wa kutoa, walete nyama ya ng'ombe.

Mimi nilikuwa nimetoa kilemba changu mapema, ndama mzima. Kwenye orodha nilikuwa wa saba, na fremu yangu ilikuwa ya saba, ile ya kona.

Mwezi wa sita ulipoanza, Apolinary alituita tusaini mikataba. Wenzangu saba walisaini wamesimama. Mimi nikaomba kwenda na wangu nyumbani.

"Mama, ni kurasa kumi na mbili," Apolinary akasema.

"Nimeona."

"Umesoma lini wewe kurasa kumi na mbili?"

"Nitaanza na hizi."

Nilikuwa mwaka wa tatu kwenye darasa la jioni pale Nyakato. Tulikuwa watu wazima kumi na wanne, tumekaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamefika kifuani. Mwalimu wetu Leodgar alipoona ule mkataba alifurahi kuliko mimi, kwa sababu kitabu chetu cha kusomea kilikuwa cha kilimo cha pamba na tulikuwa tumekimaliza mara mbili. Akatugawia, kila mtu kifungu chake, tusome kwa sauti. Tulisoma jioni tatu. Mvuvi mmoja mzee aliangukiwa na kifungu cha mpangaji kufa akiwa ndani ya nyumba. Akakisoma mpaka mwisho, akavua kofia.

Kifungu cha kumi na nne kilikataza kabisa kuwasha moto wa kuni au mkaa ndani ya jengo. Hicho hakikunishtua, kwani pasi yangu ningeiwashia nje. Kilichonishtua kilikuwa cha pili, ambacho kilisema: "Mkataba huu utaanza siku nyumba itakapofunguliwa kwa desturi ya mwenye nyumba."

Mwalimu akauchukua mkataba, akakisoma tena mwenyewe.

"Desturi gani?" Mwalimu Leodgar akauliza.

Kesho yake nikausaini mbele ya Apolinary, kisha nikamuuliza. Akatazama kulia na kushoto.

"Wewe umekisoma kile?"

"Tumekisoma wote kumi na wanne."

Akanivuta nyuma ya jengo. "Mama Esta, hili jambo linatutia aibu. Kwa mzee, nyumba mpya hailali mtu wala haiingii mali mpaka mke mkubwa awashe moto wa kwanza ndani yake, apike, na mzee ale na alale humo. Na mke mkubwa hataki kuja."

"Kwa nini hataki?"

"Kamuulize mzee. Mimi nimeajiriwa kwa ajili ya milango."

Nikamfuata Mzee Mseti anakokaa, Nyasho, na huko niliona ajabu. Mwenye ghorofa alikuwa mpangaji. Kwa miaka miwili ya ujenzi alikuwa amepanga chumba kimoja cha uani, na ghorofa lake lilipokamilika hakuthubutu kulala humo hata usiku mmoja. Tena mwenye nyumba wake alikuwa amempandishia kodi, akimwambia kwamba siku hizi vyumba ni adimu.

"Yuko Butiama," akaniambia. Alikuwa mzee mrefu, mpole, na viatu vipya vilivyomuuma. "Amenikasirikia. Nimewatuma watoto, nimemtuma katekista, nimetuma kilo mbili za sukari. Sukari ameichukua."

"Nikienda mimi nimwambie nini?"

"Mwambie lolote. Mradi aje."

Nilisali novena nzima. Siku ya tisa nikapanda lori lililokuwa likirudi Butiama na magunia matupu.

Mama Matiko, ndivyo alivyoitwa kwa jina la mwanawe wa kwanza, nilimkuta juu ya jiwe kubwa nyuma ya nyumba yake akianika mihogo. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye mikono mipana.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ni wa nani?"

"Ni Mjita, mama, nakaa Makoko. Ni fundi cherehani."

"Unamdai?"

"Nani?"

"Mseti. Kila anayetokaga mjini kuja hapa anamdai."

"Simdai, mama. Nimekuja kwako. Nimekuja kwa ajili ya ile nyumba."

Akageuza vipande vitatu vya muhogo kabla ya kunijibu.

"Hiyo nyumba jiko lake liko wapi?"

"Haina jiko, mama."

"Watu wanalala wapi?"

"Hawatalala. Watauza vitu."

"Haina jiko, na hailali mtu." Akanyoosha mgongo. "Hilo ni soko. Soko linataka moto wangu wa nini?"

Nilikuwa nimesoma kurasa kumi na mbili na hakuna kifungu kilichojibu swali hilo.

"Unajua nani aliniambia habari za ghorofa?" akaendelea. "Muuza chumvi! Amesimama hapo ulipo, ananipimia chumvi, ananiuliza, 'Mama Matiko, mbona mwenye ghorofa bado anaanika mihogo?' Ng'ombe wangu saba wamo kwenye zile kuta. Saba wa mahari ya binti yangu. Naambiwa na muuza chumvi!"

"Alikosea, mama."

"Nani, muuza chumvi?"

"Mzee."

"Sema tena."

"Mzee alikosea sana, mama."

Hapo akashuka kwenye jiwe, akaniletea togwa. Nikanywa, nikamweleza habari zote, za Alfonce na futi kamba yake, na kwamba siku zilizobaki ni nane. Alisikiliza vizuri lakini hakusema atakuja. Ndipo nikatoa neno ambalo nilidhani Roho Mtakatifu amenipa. Sasa naamini nililitoa mwenyewe.

"Njoo, mama. Utapokewa kwa heshima. Na chumba cha kuwashia moto utachagua mwenyewe, kile utakachotaka."

Kibuyu alichokishika kikasimama hewani.

"Nichague mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Mseti anajua?"

"Amesema nikwambie lolote."

Akaita mkwewe aje kushika mihogo.

Kwetu kando ya ziwa, ukihamia nyumba mpya, mama huwasha moto, mnakula, asubuhi anazoa majivu na kazi imekwisha. Nilidhani na kwao ni hivyo hivyo. Sikuuliza.

Alifika tarehe ishirini na nane, saa nne asubuhi, ameketi mbele kwenye lori, karibu na dereva. Nyuma yake alikuwa ameleta mafiga matatu, mzigo wa kuni, chungu, unga wa mtama, ngozi ya ng'ombe na jogoo mmoja mwenye hasira. Mzee Mseti alimsubiri barabarani amevaa koti. Wapangaji wote walikuwepo, na Alfonce alikuwa amefunga duka ili aone.

"Karibu, Mama Matiko," mzee akasema.

"Kumbe unakumbuka jina," akamjibu, akapita.

Akaanza kukagua. Fremu ya kwanza akasema inanuka samaki. Ya pili giza. Ya tatu akaingia na kutoka bila neno, na mtu aliyekuwa ameitolea kilemba akajisikia vibaya. Akapanda ngazi tano za kwenda juu, akasimama, akashuka.

"Hapa kwenye ngazi," akamuuliza mumewe, "umetumia ng'ombe wangapi?"

"Wawili na nusu."

"Nusu nyingine iko wapi?"

"Kwenye bati."

Alipofika ya saba alisimama katikati. Ilikuwa ya kona, yenye mlango mmoja upande wa barabara na mwingine upande wa soko, na upepo wa ziwa ulipita humo. Akageuka pande zote. Nilimwona akimtazama mama mmoja muuza nyanya huko sokoni, na yule mama akampungia mkono.

"Hapa," akasema.

Ilikuwa fremu yangu. Nikajituliza kwamba ni usiku mmoja tu, na majivu huwa yanafagiliwa.

Mafiga yalipotuliwa, Apolinary akajitokeza mlangoni, mkataba mkononi.

"Samahani, mama. Kifungu cha kumi na nne kinakataza moto wa kuni ndani ya jengo."

"Nani aliandika?" Mama Matiko akauliza.

"Niliandika mimi, kwa maelekezo ya mzee."

"Na cha pili kinachotaka desturi nani aliandika?" nikauliza mimi.

"Ni mimi pia. Lakini siku tofauti."

Mama Matiko akavunja ukuni gotini. "Mimi nimesaini hapo?"

"Hapana, mama."

"Basi wasomee waliosaini."

Apolinary akatugeukia sisi wanane akatusomea kifungu cha kumi na nne, chote, kwa sauti. Alipomaliza, kuni zilikuwa zinawaka.

Jambo ambalo hakuna aliyelifikiria lilikuwa moshi. Madirisha ya fremu yalikuwa ya kioo kisichofunguka, na upepo wa ziwa ulikuwa ukiusukuma ndani. Ukakosa njia, ukapanda ngazi, ukatokea madirisha yote ya juu kwa pamoja. Sokoni mtu akapiga kelele kwamba ghorofa linaungua. Kufumba na kufumbua wale wenzangu saba, ambao hata ufunguo hawakuwa nao, walikuja mbio na ndoo za maji kuokoa fremu zao. Wa mbele kabisa alikuwa yule wa namba tatu.

Mama Matiko alisimama mlangoni na mwiko.

"Mnakwenda wapi?"

"Moto, mama!"

"Naujua. Nimeuwasha mimi. Hayo maji ni ya ziwani au ya bomba?"

"Ya bomba," wa namba tatu akajibu akihema.

"Tua hapo. Ya ugali yalikuwa hayatoshi."

Akatua. Na wengine wakatua, ndoo saba kwa mstari. Hajawahi mtu kupika ugali kwa maji mengi namna ile hapa Musoma. Jogoo akachinjwa. Mzee Mseti akala ameketi kwenye ngozi, machozi yakimtoka, na sijui kama yalikuwa ya moshi peke yake. Sisi tukala barabarani. Hata Alfonce alikula. Jioni tukawaachia nyumba yao.

Asubuhi ya tarehe ishirini na tisa Apolinary alipanga funguo juu ya meza. Akaita wa kwanza mpaka wa sita, na kila mmoja alishukuru, akakimbilia mlango wake. Kisha akaita wa nane.

"Na saba?" nikauliza.

Apolinary akamtazama Mzee Mseti. Mzee akatazama viatu vyake.

"Mama Esta," akasema, "chumba chenye moto wa kwanza ni cha mke mkubwa. Ni chake mpaka anakufa. Hakipangishwi kwa mtu."

"Mzee! Mbona hukuniambia?"

"Wewe ndiye ulimwambia achague. Nikajua unajua."

"Kwetu tunazoa majivu tu!"

"Kwenu," akasema kwa huruma. "Mbona hukuuliza?"

Nikarudi kwenye baraza la Alfonce. Tofali zilikuwa zimeshushwa, na fundi mwashi alikuwa anachanganya udongo mahali ninapowekaga kiti. Nikakaa juu ya tofali. Nikasema, "Bwana, umenifundisha kusoma ukubwani, nashukuru. Ungenifundisha na kuuliza." Nikatega sikio nisikie kama kuna jibu. Nilisikia koleo la yule mwashi tu, lakini miguu yangu ikataka kwenda, nikaiacha inipeleke.

Mama Matiko alikuwa ameketi kwenye kigoda katikati ya fremu ya saba, moto mdogo mbele yake, akitazama soko.

"Hodi."

"Karibu, mwanangu. Njoo uone. Yule muuza nyanya anawaibia watu, anaficha mbovu chini ya fungu, mimi nimemwona tangu alfajiri." Akanisogezea ukingo wa ngozi. "Wewe wamekupa kipi?"

"Sijapata, mama."

"Kwa nini?"

Nikawaza kumficha. Lakini nilikuwa nimetoka kuomba nifundishwe kuuliza, na nikaona aibu kuanza kwa kunyamaza.

"Changu kilikuwa hiki, mama. Sikujua desturi yenu. Nauliza sasa. Naweza kukaa humu na cherehani yangu?"

Akanitazama. Akatazama kuta. Kisha akapaza sauti ambayo nadhani ilizoea kuvuka bonde.

"Mseti!"

Mzee akaja upesi.

"Huyu mwanamke alitoa kilemba?"

"Alitoa. Ndama."

"Kiko wapi?"

"Kwenye rangi."

"Ng'ombe wangu wako kwenye kuta. Ndama wake yuko kwenye rangi. Wewe umeweka nini hapa?"

Mzee Mseti akafikiri. "Nimeweka akili, Mama Matiko."

"Basi ichukue akili yako, wewe na huyu mwenye kalamu, mkamletee cherehani yake."

"Na kodi ya chumba?" Apolinary akauliza kutoka nyuma ya mzee.

"Chumba ni cha nani?"

"Ni chako, mama."

"Basi mpangaji ni wangu. Tutaongea sisi wawili." Akanigeukia. "Mimi nataka mlango wa soko. Wewe chukua wa barabarani. Na ukishona, moshi utauvumilia. Mimi sirudi Butiama hivi karibuni, kuna mengi ya kutazama hapa."

Mwenye ghorofa na msimamizi wake walikwenda kwa Alfonce na mkokoteni. Cherehani ile ina miguu ya chuma, ni nzito kama mtu aliyekataa kuondoka. Wakaileta, mzee akisukuma na Apolinary akishikilia gurudumu la juu, na watu wa soko wakawapigia makofi njia nzima.

Saa nane nikapata mteja wa kwanza, mwalimu mwanamke, aliyetaka gauni la kipaimara cha mdogo wake, lakini apimwe yeye kwa kuwa wanalingana. Nilikuwa nimemzungushia futi kamba, Mama Matiko akinishikia ncha ya pili na kunisomea namba kwa kukisia, niliposikia mtu akikohoa mlangoni.

"Hodi," akasema Mzee Mseti.

"Usiingie," Mama Matiko akamjibu. "Kuna mtu anapimwa kifua."

"Nimekuja kula."

"Ngoja nje kama wateja wengine."

Mzee akavua viatu vyake vipya, akavipanga ukutani, akakaa kwenye ngazi ya ghorofa lake, akasubiri. Mimi nikaandika kipimo kwenye daftari langu la darasa la jioni, nikafanya ishara ya msalaba, na kukanyaga cherehani.